Nyasi Zilizolala Shengena

Anza na mtu, mlima hauhami. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mpiga picha wa harusi, mkacheka. Methali hii ilianzia huku kwetu Upare, na mwanzo wake haukuwa wa kuchekesha.

Senzota, mpiga picha wa huku, alipiga picha za milima tu. Mlima wetu Shengena una ukungu, na ndani ya ukungu lenzi haina kitu cha kulenga. Kwa hiyo kila mara mkewe, Nakijwa, alitangulia akasimama mbele, amejifunga kanga nyekundu. Senzota aliilenga kanga mpaka maua yake yakaonekana wazi, kisha akapaza sauti: "Toka!" Nakijwa alitoka, picha ikapigwa. Filamu ilikuwa ghali, hakuna aliyemlaumu.

Baadaye alinunua kamera ya kadi, na lenzi ndefu ya kuvuta vilele. Kadi hubeba maelfu ya picha. Sababu ya kumtoa mkewe ilikwisha, mazoea hayakwisha.

"Baba Kiangi, leo nipige na mimi," Nakijwa alisema. "Au mimi kigingi chako cha kulengea sina sura?"

"Sura unayo, mama. Mwanga ndio unakimbia. Siku nyingine. Toka."

"Haya, natoka. Huo mlima wako ukikupikia makande, uniite nije kuonja."

Masika yaliyofuata Nakijwa aliugua nimonia, akafa. Kwetu picha ya marehemu hutangulia jeneza, na dada mdogo wa Nakijwa alikuja kuiomba. Senzota alifungua kadi zote. Vilele, mabonde, ukungu.

"Miaka yote mlipanda pamoja, shemeji. Hata moja?"

Alimwonyesha picha ya mteremko mmoja, katikati yake nyasi zimelala.

"Alikuwa amesimama hapa."

Yule mwanamke aliitazama kwa muda, akamrudishia kamera.

"Hii hatuwezi kuibeba, shemeji."

Wakabeba picha ya kitambulisho chake cha mpiga kura, iliyokuzwa mpaka macho yakawa madoa.

Senzota aliuza lenzi ndefu. Akabaki na fupi, inayomlazimu mpigaji kumkaribia mtu. Picha zake za tangu hapo zina wachimba tangawizi, wachota maji, wazee njiani; mlima uko nyuma yao, mara nyingi umefifia. Wateja wa zamani walipolalamika, aliwajibu kwa maneno haya mnayoyasikia leo. Ni picha nzuri, na ni nyingi. Nakijwa hayumo hata katika moja.

Anza na mtu, mlima hauhami.