Ubao Uliotaja Kasoro Zake

Zama za kale, watu walipokuwa na subira ya kusikiliza, Sultani Nuumani bin Shadhili alitawala mji wa Thaljania, uliojengwa ubavuni mwa mlima Kafuri, na theluji yake haikuyeyuka kiangazi wala masika, na watu wake hawakujua farasi wala ngamia, bali kila mtu, tajiri na fakiri, alifunga miguu yake juu ya ubao na kuteleza aendako. Na mji ule ulikuwa na mitaa miwili isiyopatana. Watu wa Juu waliteleza katika theluji laini ya mlimani, inayoweza kummeza mtu hadi kiunoni, na mbao zao zilikuwa ndefu, zenye pua pana na mkia mwembamba. Watu wa Uani walicheza katika uwanja wa kasri, uliojaa matuta ya theluji iliyoshindiliwa, na vyuma virefu vya kupitia juu, na handaki la kurukwa, na mbao zao zilikuwa fupi na nyepesi, ncha mbili zikifanana, ili mtu aweze kwenda mbele na kinyumenyume. Kila mtaa uliamini kwamba mwingine haujui kuteleza, na hawakuoana.

Isipokuwa mara moja. Bi Hidaya wa Uani aliolewa na Ghalibu wa Juu, na tangu siku hiyo hakualikwa kwenye harusi yoyote, si huku wala kule. Ghalibu alipofariki alimwachia mwana mmoja, Mundhiri, aliyejua theluji ya mlimani kwa kufundishwa na babake, na uwanja kwa kuwachungulia wajomba zake kupitia tundu za ua, naye hakuhesabiwa popote. Watu wakimwona walisema, "Njia mbili zilimshinda fisi," na wakacheka. Nami nasema kweli, utani ukirudiwa miaka ishirini huacha kuwa utani.

Basi ikawa baridi ikamwingia moyoni Siti Yumna, binti wa pekee wa Sultani, na akalala asizungumze, na makaa na mablanketi ya sufu yasimfae kitu. Matabibu wakafunua vitabu, wakasema dawa ni moja tu, maji ya chemchemi ya moto iliyo kileleni, na lazima ayanywe kabla siku ya arobaini haijaisha, la sivyo hataamka tena. Na chemchemi ile ililindwa na jini Zamhariri, aliyefungwa kwa agano la zamani ampe kila aombaye gudulia moja la maji na ubao mmoja kutoka ghalani mwake. Lakini mchukuaji akibadili ubao, au akikanyaga chini, au akianguka kabla hajafika penye kitanda cha mgonjwa, maji yale hugeuka jiwe.

Sultani akatangaza kwamba atakayefaulu atapewa nusu ya mali yake, na atamposa Siti Yumna, mwenyewe akiridhia. Wakapanda mashujaa sita. Watatu wa Juu wakachagua mbao ndefu, wakaushuka mlima kwa madaha, kisha wakafika uwanjani, ambao ndio njia pekee ya kuingia kasri, na ile mikia mirefu ikawaponza juu ya vyuma, wakaanguka mbele ya kadamnasi. Watatu wa Uani wakachagua mbao fupi, na hao hawakuuona hata uwanja, maana walikutwa nusu ya mlima wamezama, vichwa tu vikionekana kama vitunguu shambani. Mitaa ikalaumiana, na Sultani akalia waziwazi, asijali nani anamwona.

Siku ya thelathini na tisa, Mundhiri akamwendea mamake, aliyekuwa akifuma soksi, akapiga magoti.

"Mama, naomba radhi zako nipande mlimani."

"Unapanda kwa ajili ya Siti Yumna, au kwa ajili ya hao wanaokucheka?"

"Kwa yote mawili, mama. Sikufichi."

"Afadhali umesema," akajibu Bi Hidaya. "Radhi unazo, mwanangu. Ila chukua na neno hili. Babako alipokuja kuniposa, washenga wake walimsifu mpaka koo zikawakauka. Kisha ikafika zamu yake, kama ilivyo desturi ya posa hapa kwetu, ataje kasoro zake kwa kinywa chake. Akasema, 'Ninakoroma, na nikikasirika hunyamaza siku mbili.' Wachumba wengine wote walisema hawana kasoro. Nikamchukua yeye, na wallahi alikoroma."

Mundhiri akapanda mchana kutwa na usiku kucha, na alfajiri ya siku ya arobaini akasimama mbele ya Zamhariri, jini mwenye ndevu za barafu zilizofika magotini, na jini akafungua ghala lenye mbao mia tisa tisini na tisa, na zote zikaanza kusema kwa pamoja. Ubao mmoja wa dhahabu, mrefu kama mlango, ukasema, "Mimi huelea juu ya theluji laini kama unyoya." Mwingine mfupi, wa pembe za ndovu, ukasema, "Juu ya chuma hakuna anayenifikia." Na Mundhiri akautamani sana ule wa dhahabu, akanyoosha mkono kuushika, maana alitaka watu wa babake wamwone akishuka juu yake na wamwite mwana wao, japo mara moja tu. Ilimuuma kuurudisha mkono, lakini aliurudisha.

"Enyi mbao tukufu," akasema, "sifa zenu nimezisikia, na Mungu awazidishie. Sasa naomba kila mmoja anitajie kasoro zake."

Mbao zikatazama dari. Kisha sauti ikatoka mlangoni, kwenye ubao wa mti mtupu, usio na nakshi, ambao ukisimamishwa ulimfika Mundhiri kidevuni, nao jini aliutumia kuuegemezea mlango usipigwe na upepo.

"Bwana wangu, mimi si mrefu wala si mfupi. Mlimani nitaelea, lakini mguu wako wa nyuma utawaka moto kwa kuizuia pua yangu isizame, na wale warefu wangekupumzisha. Uwanjani nitapita juu ya chuma, lakini mimi ni mkavu, sipindiki kama wale wafupi, simsamehei anayesinzia. Na kinyumenyume naweza, ila mkia wangu ni mfupi kuliko pua, utaniona mzito. Funga mikanda ya miguu vidole viwili nyuma ya katikati. Mlimani utaona haitoshi, uwanjani utaona imezidi. Zaidi ya hapo sina la kukuahidi."

Jini akacheka mpaka ndevu zikagongana. "Ewe mwanadamu, huo ni wa kuzuilia mlango."

"Basi niwie radhi, ewe jini, maana leo utalala na upepo," akasema Mundhiri, na akaufunga miguuni, vidole viwili nyuma ya katikati, na akaliweka gudulia kifuani, akashuka.

Na kila ulichosema ubao kilimpata. Theluji ilimfika magotini na ubao ukaelea, na mguu wa nyuma ukawaka mpaka akauma meno, lakini kwa kuwa aliambiwa mapema hakushtuka, wala hakudhani ameharibu, akazidi kuulemea mkia na kushuka. Akaingia uwanjani, na mitaa yote miwili ilikuwa imekusanyika pande mbili, na hakuna upande uliojua kama umshangilie au umzomee. Akaparuza juu ya chuma cha kwanza na cha pili, na kwenye tuta la mwisho akaliruka handaki, akageuka hewani bila kutaka, akatua kinyumenyume, na ubao ukawa mzito kama ulivyosema. Mkono wake ukapita unywele mmoja juu ya theluji. Hakuanguka. Akapita mlango wa kasri mgongo mbele, na kuteleza juu ya marumaru, akasimama penye kitanda, na gudulia lilikuwa bado linatoa mvuke.

Siti Yumna akanywa, na rangi ikamrudia, akafumbua macho, akamwona kijana anatweta.

"Wewe ni wa mtaa gani?" akauliza.

"Sina mtaa, Siti wangu," akajibu Mundhiri.

Hapo ikazuka zogo mlangoni. Watu wa Juu wakasema, "Ni wetu huyo, mwana wa Ghalibu, hamkuona alivyoelea?" Na watu wa Uani wakasema, "Ana mjomba kwetu, chuma kile nani alimfundisha?" Wakavutana kanzu mbele ya Sultani, nusura wapigane kwa kumgombea mtu waliyemkataa miaka ishirini.

Siti Yumna akataka mwezi mmoja amjue kwanza, na mwezi ulipokwisha akaridhia, na Sultani akatimiza ahadi ya mali. Na siku ya harusi Bi Hidaya alifika mlangoni, na wanawake wa Juu wakamwita kwenye mkeka wao, na wanawake wa Uani wakamwita kwenye wao, na yeye akasimama katikati na viatu mkononi, akalia, mpaka wakaisogeza mikeka ikagusana.

Nami niliyesimulia sina ubao, natembea kwa miguu. Lakini najua hili: anayetaka kimoja cha kumfaa mahali pawili asikitafute kisicho na kasoro, maana hakijaumbwa. Akichukue kile kilichomwambia kweli kabla ya safari, na akipe heshima yake.