Kwa Nini Bahari Huingia Horini na Kutoka

Enzi hizo pwani ilikuwa imenyooka kama ukuta wa msikiti. Hapakuwa na ghuba wala hori. Nchi kavu ilikaa huku, bahari kule, na katikati palikuwa na mpaka uliolindwa na Mudiri Shekuwe, mtu aliyeupenda mpaka huo kuliko wakeze. Kazi yake ilikuwa kurudisha maji. Wimbi likija analirudisha, jingine likija analirudisha. Jioni hulala akiamini ameshinda, asubuhi huanza upya.

Bahari ndiyo iliyotaabika. Ikisukumwa kusini huenda, ikisukumwa kaskazini hurudi, haina pa kuweka kitako. Ilipozaa, watoto wake walipigwa miambani wakafa, wa kwanza na wa pili. Sasa ilikuwa na mimba tena.

Mpakani kabisa aliishi Bi Mwanatumu, mkunga, mjane, katika nyumba yenye ua mpana alioachiwa na mamake. Watu wote wa sehemu zile walipitia mikononi mwake, mudiri akiwemo. Asubuhi moja alikuwa uani akianika muhogo, akasikia nje ya ukuta: "Hodi! Hodi, mama! Uchungu umenishika."

Kwa desturi yao, mkunga hamuulizi mwenye uchungu katoka wapi. Lakini huyu si wa kulazwa kitandani. Akiingia, ua umekwenda, na nyumba nyuma yake. Bi Mwanatumu akakaa, akainuka, akashika ufagio, akautupa. Kuitika hataki, kunyamaza hawezi.

Mudiri akafika anahema. "Bi Mwanatumu, usimjibu! Suala lake liko barazani."

"Baraza linakaa lini?"

"Tukipata akidi."

"Na uchungu nao usubiri akidi?"

Mudiri akajikohoza, akaigeukia bahari. "Baba wa mimba ni nani?"

"Upepo."

"Anakaa wapi?"

"Hakai."

"Umesikia, bibi? Hana hata makazi! Sisi tutampokeaje..."

"Shekuwe," mkunga akamkatiza, "wewe ulitanguliza miguu, mama yako akalia kutwa nzima. Sikumuuliza mtu baba yako anakaa wapi. Na ningeuliza, mtaa mzima ungecheka."

Bahari ikapiga yowe. Bi Mwanatumu alilijua yowe lile; baada yake hakuna muda. Alijua pia kwamba mgeni akishaambiwa karibu na mwenye nyumba, hata sultani hamtoi mlangoni. Akautazama ua wa mamake mara moja, akajifunga kanga kibwebwe, akafungua lango.

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Bahari ikapita. Ukuta ukaanguka, muhogo ukaelea, nyumba ikalala ubavu. Mudiri alipanda mnazi, akaendelea kutoa amri kutoka juu. Maji yakajikunja nyuma ya vilima yakawa hori, mahali upepo usipofika, na hapo kwa mara ya kwanza bahari ikatulia. Bi Mwanatumu alisimama, maji yakimfika kifuani, akapokea dagaa, kamba na pweza wachanga hata mikono ikafa ganzi. Safari hii walikuwa hai.

Arobaini ilipotimia, baraza nalo likapata akidi. Likaamua bahari ihame. Kuhusu watoto halikusema neno, maana hawakuwemo kwenye ajenda. Bahari ikatii, ikatoka. Haikufika mbali, matiti yakaijaa, ikarudi kunyonyesha. Mudiri akaitoa. Ikarudi. Akaitoa tena.

Bi Mwanatumu alijenga kibanda kilimani. Ua mwingine hakuupata, na watu walipompa pole alisema uzazi una vurugu zake.

Ndivyo mambo yalivyobaki hadi leo. Samaki wachanga hulelewa horini, na chombo kilichozidiwa na dhoruba hukimbilia humo bila kuomba ruhusa ya mtu. Bahari hujaa kuwaona wanawe, kisha hutoka kuitii amri ambayo mudiri wake alishakufa na hakuna aliyeitangua. Ikishatoka, huwakumbuka, ikageuka njiani.