Kwa Nini Kunde Ana Vinundu Mizizini

Hapo kale, mimea ilipokuwa ikisalimiana kila asubuhi kama majirani, mizizi yote ilikuwa laini. Kunde, Mtama na Ulezi waliishi shamba moja, na kila mmoja alijua kupika. Majani yao yalivuta hewa ile tunayoitoa puani, yakaipika kwa jua, ikawa sukari. Lakini sukari peke yake hainenepeshi mtoto. Kulikuwa na chakula kingine, kile kinachokoleza kijani cha majani na kujaza mbegu. Kilikuwa tele kwenye upepo, ila kilikuwa kimefungwa, na hakuna mmea uliojua kukifungua. Walikula makombo yake tu udongoni, na makombo yale yalikuwa yakipungua.

Siku moja vijidudu vya udongoni, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilipita vikibisha hodi kwenye mizizi.

"Tuna njaa," vilisema. "Tupeni sukari kidogo na mahali pa kulala, nasi tutawafungulia chakula cha upepo."

Mtama aliinama, asione kitu. "Mgeni asiye na uso ni mwizi," alisema. "Mimi nina watoto. Piteni." Ulezi hakuitikia hata hodi.

Kunde naye aliogopa. Lakini alisikia jinsi sauti zile zilivyochoka, akawaza kwamba mwenye njaa ni mwenye njaa, hata awe mdogo namna gani. Akavijengea vyumba vya mviringo mizizini mwake, akavigawia sukari aliyowawekea watoto wake.

Haukupita muda, makombo yakaisha. Majani ya chini ya Mtama yakageuka manjano. Ulezi akanyong'onyea. Kunde peke yake alinawiri, na maganda yake yakaanza kujaa. Hapo maneno yakaanza.

"Shoga, umemwona yule?" Ulezi alinong'ona. "Sisi tunakauka, yeye anang'aa. Anakula nini?"

"Chetu," alijibu Mtama. "Atakula nini kingine?"

Wakaacha kuitikia salamu zake. Akidondosha jani, walitazama limeangukia wapi, wakidhani ni dawa ametega. Mwishowe wakamtuma Fuko, mchimbaji wa chini, akapekue. Fuko akachimba, akapapasa vinundu, akakipasua kimoja. Ndani kilikuwa chekundu.

"Jamani, damu!" akapiga kelele. "Huyu anafuga damu!"

"Si nilisema mimi?" Ulezi akadakia. "Mchawi! Ndiyo maana watoto wetu wanapauka. Ang'olewe na maganda yake hayo."

Kunde alilia. "Majirani, maganda yangu hayajakomaa. Mkining'oa leo, hakuna mbegu yangu hata moja itakayoota. Hao ni wageni wangu tu. Wanapika."

"Wageni gani wasiotoka nje kusalimia watu?" Ulezi akacheka. "Fuko, kata!"

Fuko akaweka meno kwenye mzizi mkuu. Mtama akageuka kuwaziba watoto wake macho. Ndipo alipomwona kitinda mimba wake, yule aliyeota dhaifu pembeni, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkatia tamaa. Alikuwa ameegemea shina la Kunde. Kijani kimemkolea, na kwa kimo alikuwa amewapita kaka zake. Miguuni pake, majani ya Kunde yaliyodondoka yalikuwa yameoza polepole, yakawa mbolea.

"Fuko, ngoja," alisema Mtama. "Nani amemlisha mwanangu?"

Kunde hakuwahi kulitaja jambo lile kwa mtu.

"Na ile damu je?" Ulezi akauliza.

"Sijui ni damu ya nini," alisema Mtama. "Najua mwanangu ameshiba. Toa meno yako hapo, Fuko."

Kuanzia msimu ule, kunde wana vinundu mizizini, na ukipasua kimoja kibichi utaona wekundu wake. Mama zetu huwapanda katikati ya mtama, na wakivuna hawawang'oi. Hukata shina, wakaiacha mizizi ioze palepale, imlishe atakayepandwa baadaye.

Lakini shaka ya Mtama haikuisha. Vijidudu vilirudi kwake mara nyingi, naye hakuvifungulia. Chimbua mzizi wake ukaone: hauna hata chumba kimoja cha mgeni. Kila mwaka anakula kwa jirani, na bado hamwamini aliyepika.