Aliyechimba Kumpita Jirani

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, wanaoingia wapate pa kukaa. Leo nina kisa cha maji. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo asije mtu baada ya swala kuniuliza ni mtaa gani. Ukijiona ndani yake, nyamaza, kama mimi nilivyonyamaza.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyehamia ukingoni mwa mji wa pwani, wakati pale bado ni mchanga na minazi, na katikati pana bwawa la matete. Masika yakiingia bwawa linafurika, vyura wanapiga kelele mpaka basi. Yeye ndiye wa kwanza kujenga. Alimwaga kifusi bwawani, lori baada ya lori, akasimamisha nyumba juu yake. Watu wakamfuata. Minazi ikakatwa, matete yakachomwa, nyua zikasakafiwa saruji ukuta hadi ukuta, maana nani anataka mchanga sebuleni? Miaka kumi na tano tu pakawa mtaa, una msikiti na duka la dawa, na mvua ikinyesha maji yote yanateleza juu ya saruji kukimbilia baharini. Yule bwana akipita barabarani alijiona baba yao wote.

Sasa, ng'ambo ya ukuta wake aliishi mjane mmoja, mkaanga vitumbua. Ua wake haukusakafiwa. Msidhani alikuwa na elimu kubwa, hakuwa na uwezo wa saruji tu. Minazi yake minne ikabaki, mchanga ukabaki, na kisima chake kifupi, pima tatu, kikawa na maji matamu kuliko ya mtaa mzima. Na mnajua desturi yetu, maji hayafungiwi mlango. Mjane alibomoa ukuta upande wa barabarani, akaweka kapi, ndoo na kamba, apitaye achote. Na kila aliyechota alimwombea dua.

Hizo dua, ndugu zangu, ndizo zilizomtia yule bwana ugonjwa.

Kisima chake kilikuwa na uchumvichumvi, alishauzoea. Asubuhi moja akanywa chai, akaisifu, akaomba kikombe cha pili. Mkewe akamwambia, "Maji ya jirani hayo. Yetu nimeacha kuyapikia chai tangu Mfungo Sita."

Akakiweka kikombe chini. Kuanzia hapo masikio yake hayakusikia kitu kingine ila ng'ambo ya ukuta. Kapi inalia, mtu anasema Mungu akuzidishie, dada. Kapi tena, Mungu akupe pepo. Na yeye anahesabu! Mtu mzima na ndevu zake, ameketi uani, anahesabu dua za mjane. Nani aliufungua mtaa huu? Nani alifukia bwawa? Mbona yeye haombewi hata moja? Wivu ulimchoma, ulimchoma kwelikweli, hata chakula hakikupita.

Mjane, maskini, hakujua. Alimwona amenyong'onyea akadhani anaumwa, akamwomba ruhusa watoboe kijilango ukutani ili mkewe, wifi yake kwa ujirani, awe anachota bila kuzunguka. Yule bwana akajibu kwamba kwake hakuna shida yoyote, na siku ileile akaenda kumtafuta fundi wa visima.

Fundi alishuka, akapima, akatoka hana raha. Akaeleza kwamba huku pwani maji matamu ni ya mvua, yamelala juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Tangu mtaa usakafiwe, mvua haina pa kuzama, na hayo matamu yamebaki utando tu. Mchanga wa yule mama ndio unaoyaongeza. Ukichimba zaidi na kufunga pampu, utayavuta yote mara moja, na nyuma yake inakuja bahari.

"Na kisima chake kitakuwaje?" bwana akauliza.

"Chake kitatangulia kupungua. Kisha vyote viwili vitaharibika."

Sikilizeni jibu lake. "Chimba."

Wakachimba pima nane, pampu ikafungwa, bomba likatolewa barabarani. Wiki tatu maji yalimwagika, watu wakahamia kwake, akaombewa dua mpaka akanenepa. Ng'ambo ya ukuta kamba ya mjane ikaungwa, ikaungwa tena. Wiki ya nne watu wakaanza kutema. Chumvi, ya kuunguza ulimi. Foleni ikaisha siku moja.

Mnadhani alilia? Mnadhani alimwita fundi? Alivaa kanzu yake, akazunguka mpaka kisimani kwa mjane, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Akavuta ndoo, akateka kwa kiganja, akaonja. Chumvi ileile. Mjane amesimama mlangoni na mikono yake ya unga, anamtazama, hajui kesho atakorogea vitumbua maji gani. Na yule bwana akafuta mdomo, akasema kutoka moyoni kabisa, "Alhamdulillahi."

Msicheke. Mtaa mzima hauna tone la kunywa, yeye mwenyewe hana, na anashukuru. Hasidi hana haja ya kupata, haja yake ni wewe ukose.

Sisi tulioukuta mji huu na mabwawa yake tumefukia, tumekata, tumesakafia, na tukiulizwa tunasema mbona fulani naye kafanya. Hilo tutalijibu siku yake. Leo nauliza dogo kuliko hilo. Duka la jirani yako lilipofungwa, mtoto wa shemeji yako alipofeli mtihani, ulisema nini moyoni? Hakuna aliyekusikia hapa. Lakini ulimshukuru Mungu, na Mungu alijua unamshukuru kwa lipi.