Tundu la Kisigino

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana sikuwepo, palikuwa na nchi ya mbali ambako bahari huganda ikawa ngumu kama sakafu, na watu hutembea juu yake kwenda kuwinda. Huko hakuna mti wala pamba. Nguo ni ngozi, kiatu ni ngozi, na uhai wa mwanamume umo mikononi mwa wanawake waliomtengenezea buti. Maji yakiingia, mguu huganda. Mguu ukiganda, hukatwa.

Katika nchi hiyo watu watatu walikaa nyumba moja: Atuat, bibi mzee, Masak, mwanawe, na Inaluk, mke wa Masak. Ndani mlikuwa na taa ya jiwe iliyowaka mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini wanayemla na kumvaa. Karibu na taa palikuwa na joto. Mlangoni palikuwa na baridi ya kukata masikio. Na desturi yao ilikuwa hii: aliyemdhuru mwenzake kwa uzembe hukaa mlangoni kipupwe chote, kila anayeingia amruke, amtazame.

Sasa sikilizeni kazi ya buti. Mmoja hutafuna, mmoja hushona, mmoja huvaa.

Aliyetafuna ni Atuat. Ngozi ya soli ni ngumu kama ubao, hulainishwa kwa meno, pande kwa pande, mpaka ilegee kama sikio la mbuzi. Atuat alitafuna miaka arobaini, meno yakalika hadi kwenye ufizi. Alisema? Hakusema. Aliwapa watu kisogo, akaiponda ngozi kwa jiwe, akailowesha mate, huku taya zikicheza. Jirani yao Tulimak, mtu wa mdomo na nyimbo za kejeli, akipita humwambia, "Bibi Atuat, una meno ya dubu!"

"Lete kidole nikuonyeshe," hujibu Atuat. Watu hucheka.

Ngozi ikalainika kote, isipokuwa kisigino.

Aliyeshona ni Inaluk. Mshono wao si huu wetu wa kutoboa na kuvuta. Sindano huingia nusu ya unene wa ngozi, hutambaa humo ndani, kisha hurudi upande uleule ilikoingia. Ikitokea upande wa pili, umeharibu. Inaluk akashona vidole, akashona ubavu, akafika kisigino. Pagumu. Akasukuma. Pagumu. Akasukuma tena, sindano ikatokea. Tundu dogo, hata kiroboto angelipita kwa kujibana.

Alisema? Hakusema. Aseme nini? "Mama, hujatafuna"? Au aitafune mwenyewe, ampokonye mama wa mumewe kazi mdomoni? Mwenye mama mkwe ananielewa. Akapaka mafuta, tundu likaziba, akamvisha mumewe.

Aliyevaa ni Masak. Alitoka asubuhi na Tulimak, akijisifu njia nzima. "Mshono wa mke wangu hata chozi halipiti."

"Tutaona," akasema Tulimak.

Wakavuka ufa wenye maji. Masak akahisi kitu cha baridi kinamchoma kisiginoni. Tulimak alikuwa na furushi la nyasi kavu begani, zile wanazotandika ndani ya buti likilowa. Masak angeomba tu. Lakini kuomba nyasi ni kusema mshono unavuja. Alisema? Naye hakusema. Akasimama kwenye shimo la barafu ambako sili hutoka kuvuta pumzi, na hapo mwindaji hasogezi mguu, maana sili husikia. Maji yakatambaa mpaka vidoleni. Akasimama hivyo mpaka jua likashuka.

Alirudi na sili, na vidole vitatu vyeusi.

Atuat alivikata mwenyewe, kwa kisu chake cha umbo la mwezi mchanga. Vidole vya mwanawe. Alipomaliza akaliokota buti. "Nani alishona hili?"

"Nani alitafuna?" akajibu Inaluk.

"Masak," akauliza Tulimak, aliyekuwa amekaa karibu na taa, "si nilikuwa na nyasi? Furushi zima. Mbona hukuniomba?"

"Nikuombe wewe? Ungenitungia wimbo."

Tulimak akalitazama furushi lake. Angeutunga kabla hawajafika nyumbani, na alijijua.

Atuat akalitia buti mdomoni alipulize, maana ndivyo wanavyotafuta tundu. Pumzi ikamtoka pembeni mwa midomo, pfuu, pfuu, hakuna meno ya kuizuia. Wote wakaona. Nyumba moja miaka yote, na siku hiyo ndiyo wakaona.

Inaluk akampokea buti taratibu, akapuliza, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kisiginoni. Hakulitafuta tundu. Alijua lilipo. Wote wakaona na hilo.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha Atuat akakunja ngozi yake ya kulalia, akaenda kukaa mlangoni. "Ni mimi. Niliwachezea taya, nikawapa ubao mkashona."

"Ondoka hapo, Mama, ni pangu," akasema Inaluk. "Wewe hukujua kuna tundu. Mimi nililiona, nikalipaka mafuta."

Masak akajikokota. "Nipisheni. Ninyi mlikuwa nyumbani. Maji niliyahisi mimi, kwa mguu wangu, na dawa ilikuwa kwenye bega la mwenzangu."

"Kwa mguu huo utakaa kwenye baridi?" akauliza Atuat.

"Mguu umebaki na vidole viwili, Mama. Vinatosha kuona aibu."

Basi wakabanana mlangoni wote watatu, wakisukumana, wakitetemeka. Taa ikawaka bila wao. Tulimak akataka kwenda zake, akakosa pa kupita. Akabaki peke yake kwenye joto, furushi la nyasi begani, akiona haya hata kunyoosha mikono aote.

Haya. Mlango ni mmoja, na mahali pale panamtosha mtu mmoja. Msinijibu "wote," hilo ni jibu la mvivu. Aliyeficha meno, aliyeficha tundu, aliyeficha maji, au yule aliyeachiwa taa: je, nani alistahili kukaa mlangoni?