Fundi Eliaichi na Kucha za Zambarau

Mwanamke mmoja, fundi wa nguo, jina lake Eliaichi, alikuwa na vidole kumi vilivyomlisha yeye na binti yake. Binti huyo alikuwa karibu kuagwa aende kuolewa, na kamati ya kina mama ilishapanga sare: kitenge cha zambarau, na kucha za zambarau za aina ile inayokaushwa kwa taa. Eliaichi akanunua kichupa na taa ndogo, akajipaka mwenyewe nyumbani. Mkono wa kushoto haukuzoea kumpaka wa kulia, rangi ikasambaa hadi kwenye ngozi. Hakuifuta. Ilikuwa inang'aa, basi.

Baada ya wiki mbili vidole vikaanza kuwasha. Akasema ni sabuni ya kufulia, akaibadilisha. Vikavimba, vikatoa malengelenge. Sasa akasema ni kijicho cha Ndeshi, jirani yake, aliyezisifia mno zile kucha. Akaacha kumsalimia. Jamani, tunavyojua kutafuta mchawi! Alishuku kila kitu isipokuwa kile alichokipenda. Na kila rangi ilipobanduka, alipaka nyingine juu, watu wasione vidonda.

Ikafika siku akashindwa kushika sindano. Gauni la binti yake lilikuwa mezani, halijatiwa mikono, na ilikuwa imebaki wiki moja tu binti aagwe. Alilia, na nani asingelia? Akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari akavitazama vile vidole, akauliza anapaka nini, kisha akamwambia, "Mama, ngozi yako imeshaikataa rangi hii. Haitaikubali tena, hata ukiibembeleza."

Neno hilo lilimuuma kuliko malengelenge. Alitegemea kuambiwa apumzike kidogo, halafu aendelee. Hata hivyo alitii. Rangi yote ikaondolewa, akapewa dawa ya kupaka. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Ndeshi, mikono ikiwa wazi na mibaya hivyo hivyo, akaomba radhi. Ndeshi hakuuliza mengi. Alikuja akaketi kwenye cherehani, akashona mikono ya gauni huku mwenzake akimwelekeza.

Siku ya kumuaga binti, kina mama walicheza kwa zambarau tupu, na katikati yao mama wa binti akacheza na kucha zilizomeguka, hakuzificha. Kamati ilinung'unika kidogo, kisha ikaendelea kucheza. Kucha mpya zilichukua miezi kuota, polepole, kutoka shinani. Leo ukipita dukani kwake utamkuta anashona, na Ndeshi yuko pembeni anapiga naye soga.

Nanyi mlioketi hapa, ni kitu gani mnakipaka upya kila wiki juu ya kidonda, na ni nani mmeacha kumsalimia kwa sababu yake?