Koti Jekundu la Jenerali Barranca

Mwaka ule, katika nchi moja ya milimani huko Amerika ya Kusini, marais watatu walikuwa wameshapinduliwa. Jenerali Barranca alipoiteka ikulu, aliwaamuru askari aliowaokota vijijini asubuhi ile walinde lango.

"Yeyote atakayetoka akijiita rais, mfungeni!"

Kisha akamgeukia Casilda, mfuaji wa ikulu. "Rais umemficha wapi? Sema, au nakupiga risasi!"

"Nitasema, mheshimiwa. Lakini utaapishwa na koti jekundu lenye matope hivi? Lete nilisafishe na kulipiga pasi kwanza."

Jenerali akavua. Alisubiri mpaka akachoka, akatoka hadi langoni akiwa na fulana tu.

"Nani kapita hapa?"

"Jenerali wetu, koti linang'aa, na mfuaji wake nyuma. Tumempigia saluti. Wewe nani?"

"Wapumbavu! Mimi ndiye rais!"

Wakamfunga.